Pörkölt: nyama ya Kihungaria inayoiva kwa maji yake yenyewe

Nikimwambia mtu kwamba nilisoma Szeged, kusini mwa Hungaria, ataniuliza kwanza habari za baridi, halafu gulashi. Baridi unavaa, inakwisha. Gulashi ndiyo ningependa tuiongelee vizuri, maana wengi wetu tukiipika nyumbani tunapata mchuzi wetu uleule wa nyama, tofauti ni rangi tu. Mimi mwenyewe nilipika hivyo miezi mingi nikiwa hukohuko.

Tuanze na jina. Kwa Wahungaria wenyewe, gulyás ni supu. Neno hilo maana yake ni mchunga ng'ombe, na chakula hicho asili yake ni kwa wachungaji wa nyika kubwa za kule, waliopika kwenye bogrács, sufuria nzito ya chuma inayoning'inizwa juu ya moto wa kuni. Ina maji ya kutosha, viazi na karoti, na inaliwa kwa kijiko. Ile nyama nzito iliyokolea, ambayo dunia nzima inaiita gulashi, wao wanaiita pörkölt. Ya ng'ombe ni marhapörkölt, na ndiyo hii ninayotaka uipike.

Aliyenifundisha ni mama mwenye nyumba niliyopanga, mtu mzima kuliko mama yangu. Nilimwita néni, kama wanavyowaita wanawake wa umri wake. Siku ya kwanza aliponiona jikoni nikichemsha nyama kwanza, alisimama mlangoni akashika shavu. Kwetu ndivyo tulivyozoea: nyama inachemshwa mpaka ilainike, vitunguu vinakaangwa, nyanya tatu nne zinapondeka, nyama inaingia, maji yanafuata. Pörkölt haiendi hivyo. Nyama inaingia mbichi, nyanya ni moja tu, na maji unayahesabu kama unayanunua kwa tone.

Kwa kilo moja ya nyama utahitaji vitunguu maji kama nusu kilo. Ndiyo, nusu kilo. Hakuna unga unaotiwa hapa. Uzito wote wa mchuzi unatoka kwenye vitunguu, kwa hiyo ukivipunguza utabaki na maji mekundu. Vikate vidogo kabisa. Mafuta ya asili ni ya nguruwe, lakini nyumba nyingi kule siku hizi wanapikia alizeti, kwa hiyo alizeti yako ya Singida inafaa kabisa. Kaanga kwa moto mdogo, dakika kumi na tano hadi ishirini, mpaka vilegee na vianze kung'aa. Visiwe vya kahawia kama vya pilau.

Sasa inakuja hatua ambayo nilipotezea kilo nzima ya nyama, na kwa mwanafunzi kilo ya nyama ni hesabu ya wiki. Nilitia paprika, ule unga mwekundu wa pilipili tamu zilizokaushwa, sufuria ikiwa motoni. Paprika ina sukari, na sukari hiyo inaungua kwa sekunde chache tu. Harufu ilikuwa tamu, mara ikawa kali ya kuwasha pua, rangi ikageuka matofali. Niliendelea kupika nikidhani nyama itaficha. Haikuficha. Uchungu ulibaki mpaka mwisho, na hakuna chumvi wala sukari iliyousaidia.

Néni alikuwa akifanya hivi: anaepua sufuria, anaiweka juu ya ubao, anasubiri kidogo mpaka mafuta yatulie, ndipo anatia paprika vijiko viwili vya chakula vilivyojaa. Anakoroga mara tatu nne, na papo hapo nyama inaingia ili iyapoze mafuta. Ndipo anarudisha jikoni. Kwa nini asingoje mchuzi uwepo ndipo atie? Kwa sababu rangi ya paprika inayeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ukiitia kwenye maji inaelea kama vumbi.

Kuhusu paprika yenyewe naomba usibane matumizi. Miji miwili inayosifika kwayo ni Szeged na Kalocsa, na Wahungaria wanaiheshimu kwa sababu nyingi. Mwanasayansi wao Albert Szent-Györgyi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, alipata vitamini C kwa wingi kutoka kwenye paprika akiwa hapohapo Szeged. Tafuta iliyoandikwa édesnemes, ambayo ni tamu, haina ukali. Ile iliyokaushwa kwa moshi usiitumie, hiyo ni ladha ya Kihispania. Pilipili ya unga ya sokoni nayo si mbadala, itakuunguza mdomo kabla hujapata ladha. Nunua kidogo, ihifadhi kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Ikishakuwa ya kahawia na haina harufu, itupe.

Nyama nzuri ni ya muundi, ile yenye nyuzi na mishipa ambayo wengine wanaikwepa buchani. Steki laini itakauka. Hiyo mishipa ndiyo inayoyeyuka polepole na kuufanya mchuzi ushikane na midomo. Kata vipande vikubwa kidogo, kama vya mshikaki ulioshiba.

Baada ya nyama kubadilika rangi, tia chumvi, punje mbili za kitunguu swaumu, kisibiti nusu kijiko cha chai, nyanya moja na hoho moja. Funika. Usitie maji! Nyama itatoa yake. Yaache yatoke, yaache yapungue, na hapa tumia masikio. Siku moja néni alikuwa sebuleni akinisimulia habari za wajukuu, mara akanyamaza katikati ya sentensi akainuka. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Sufuria ilikuwa imeacha kutokota na kuanza chwaaa, sauti ya kukaanga. Maji yalikuwa yamekwisha, yamebaki mafuta. Akatia maji nusu kikombe, akakwangua chini kwa mwiko, akafunika. “Lassan,” akaniambia, polepole. Hilo linarudiwa mara nne, mara tano. Kila mara mchuzi unazidi kukolea.

Muda ni saa mbili na nusu hadi tatu. Ng'ombe wetu wa malisho anaweza kudai zaidi, mpe. Jiko la mkaa lililofunikwa majivu linaifaa sana kazi hii. Presha kuka italainisha nyama, lakini haipunguzi maji, kwa hiyo ukiitumia lazima umalizie bila mfuniko. Utajua imekuwa tayari ukipitisha mwiko chini ya sufuria na njia ikabaki wazi kidogo kabla mchuzi haujajifunga, na pembeni mafuta mekundu yamejitenga.

Kule wanakula na nokedli: unga wa ngano, mayai, chumvi na maji, uji mzito unaosukumwa kwenye tundu kubwa za kikwaruzo ukidondokea maji yanayochemka. Vikielea, vimeiva. Pembeni wanaweka matango yaliyokatwa membamba kwa siki na sukari kidogo, na usiyaache, kwa sababu mchuzi huu ni mzito.

Ukitaka ugali, kula bila wasiwasi. Wahungaria nao wana puliszka, ya unga wa mahindi, laini kidogo kuliko ugali wetu. Néni alinipikia wiki ya mwisho kabla sijaondoka, akaniwekea kijiko na uma, kisha akaviondoa mwenyewe na kuniletea bakuli la maji ya kunawa.