Kombi Gani, Kozi Gani: Maswali Yenu Kuhusu Fom Faivu, Diploma na Chuo

Meseji za wiki hizi karibu zote ni za jambo moja. Matokeo ya fom foo yametoka, watu wanasubiri au wanahangaika na dirisha la kubadilisha tahasusi (kombi, yani masomo matatu ya fom faivu) kwenye selfomu, ile fomu ya mtandaoni ya TAMISEMI, wizara inayopanga wanafunzi, na kila nyumba ina mshauri wake, baba, shangazi, jirani, mwalimu wa tuisheni. Nimechukua maswali manne, majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

SWALI: Shkamoo mwalimu. Nimemaliza fom foo, nimepata division two ya pointi 19. Baiolojia B, Kiswahili B, Fizikia C, Kemia C, English C, Jiografia C, Civics C, Historia D, ila Hesabu nina F. Ndoto yangu tangu mdogo ni udaktari. Kwenye selfomu nilijaza PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Baba anataka nibaki hapohapo maana anasema wasomi wote wamepita adivansi (fom faivu na siksi), mjomba ambaye ndo atanisomesha anasema niende diploma ya utabibu nimalize mapema nianze kazi. Nimebaki katikati, naogopa kuchagua alafu nije nijute. (Kijana, Songea)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera, two ya 19 sio kitu kidogo kabisa.

Sasa baba na mjomba tuwaweke pembeni kidogo, tuanze na ile kozi unayoitaka inadai nini, maana hapo ndo watoto wengi wanapotea, wanachagua kombi kwanza alafu baada ya miaka miwili wanaenda kuangalia kombi hiyo inaingia wapi. Inatakiwa iwe kinyume. TCU, tume ya vyuo vikuu, kila mwaka inatoa mwongozo wa udahili, upo bure kwenye tovuti yao, kuna wa wanaotoka fom siksi na kuna wa wenye diploma, na kila kozi ya kila chuo imeandikwa pale na masharti yake. Kaa na huo mwongozo jioni moja, na baba akiwa pembeni.

Ukiusoma utaona kozi ya udaktari kwa anayetoka fom siksi inataka prinsipo tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Prinsipo ni kuanzia A mpaka E, S, ule ufaulu mdogo chini ya E, haihesabiki, na juu ya hapo kuna pointi za chini na gredi za chini kwa kila somo, kwa hiyo usije ukadhani E tatu zitakupeleka Muhimbili. Somo moja likikusaliti tu, hata kama mengine mawili una A, mlango wa udaktari kwa mwaka huo umefungwa. PCB ndo ilivyo, haina pa kujificha.

Na hapa lazima nikwambie ukweli kuhusu hiyo F ya Hesabu, maana naona wewe na familia mmeipita kama haipo kwa sababu haikuingia kwenye masomo saba bora yanayotengeneza division. Fizikia ya adivansi ni hesabu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mwanafunzi wa PCB anasoma BAM pia, ile hesabu ya ziada kwa wasiochukua Hesabu kubwa. Wengi wanaichukulia BAM kama somo la kupitisha muda, kumbe kuna kozi nyingi za digrii zinasema kama huna prinsipo ya Hesabu basi uwe na angalau S ya BAM au C ya Hesabu ya fom foo. Wewe C huna, ukizembea na BAM ndo umejipunguzia kozi kibao ambazo zingekuokoa udaktari ukikataa.

Tuje kwa mjomba. Diploma ya utabibu ni miaka mitatu, na sharti la kuingia ni ufaulu wa masomo manne, D na kuendelea, bila kuhesabu dini, na ndani yake Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwepo. Unazo na zaidi, ingawa ushindani upo, nafasi za vyuo vya serikali zinagombaniwa sana. Ukimaliza na kusajiliwa wewe ni tabibu, unaweza kuajiriwa, na ukitaka kuendelea na digrii ya udaktari unaweza kuomba ukiwa na GPA, wastani wa alama zako za chuo, isiyopungua 3.0. Yani ndoto haijafa, imepita barabara nyingine. Hapa baba naomba anisikie: ukienda zahanati au kituo cha afya kijijini anayekupima na kukuandikia dawa mara nyingi ni tabibu wa diploma, huyo ndo daktari ambaye watu wengi wa nchi hii wanamjua, kwa hiyo hili neno kwamba diploma ni ya waliofeli silikubali hata kidogo.

Ila, na hii ila ni kubwa, ukitoka diploma kwenda udaktari wanaangalia tena cheti chako cha fom foo, wanataka angalau D ya Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na English. Una F ya Hesabu. Kwa hiyo unaweza ukasoma miaka mitatu, ukapata GPA nzuri, ukafanya kazi, alafu siku unaomba chuo ukarudishwa na Hesabu ya fom foo ambayo ulishaisahau. Kwa hiyo njia yoyote utakayokwenda, risiti Hesabu, yani urudie mtihani wake. Jisajili NECTA, baraza la mitihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ni Novemba, usajili unafanyika mapema mwanzoni mwa mwaka na ukichelewa unalipa zaidi, fanya sasa hivi wakati bado kichwa kina moto. Unatafuta D tu, sio A.

Pesa nayo. Fom faivu na siksi kwenye shule za serikali ada ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, inabaki michango, sare, nauli, godoro na vikorokoro. Diploma ina ada kila mwaka. Mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo, kwa diploma ilianza 2023/24 kwa kozi za vipaumbele na afya ni mojawapo, lakini mkopo unaombwa, haugawiwi, kwa hiyo mjomba apige mahesabu kana kwamba haupo, ukipatikana ni nafuu.

Umeniuliza ufanyeje. Kwa matokeo haya, C mbili zikiwa ndo msingi wa Fizikia na Kemia na Hesabu ikiwa F, mimi ningekwambia nenda diploma ya utabibu, na Hesabu urisiti mwaka huuhuu. Kama Fizikia ingekuwa B na Hesabu angalau D ningesema nenda PCB bila kusitasita. Maombi ya vyuo vya afya vya serikali yanapita kwenye mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, fuatilia wakitangaza dirisha, na hata chuo binafsi kabla hujalipa shilingi moja hakikisha kwenye orodha ya NACTVET kwamba chuo kimesajiliwa na kozi hiyo yenyewe imesajiliwa, maana kuna watoto wamelipa wakasoma alafu cheti hakitambuliki, inauma sana.

SWALI: Mwalimu habari. Binti yangu anataka udaktari pia, ila Fizikia amepata D, Kemia B, Baiolojia B, Jiografia B, Hesabu C. Mwalimu wake amesema abadilishe PCB aweke CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), kwamba ni sayansi ileile tu, akifika chuo atasoma udaktari. Naomba uhakika kabla hatujabonyeza. (Mama, Mwanza)

JIBU: Mama nashukuru umeuliza kabla, wengi wanauliza wakiwa fom siksi. CBG sio PCB iliyobadilishwa herufi. Haina Fizikia, na bila prinsipo ya Fizikia huingii udaktari kwa njia ya fom siksi. Mwalimu kasema kwa nia njema maana anaona D ya Fizikia ni msingi dhaifu wa PCB, lakini hiyo sehemu ya mwisho ya sentensi yake ndo sio kweli.

CBG yenyewe ni kombi nzuri, naipenda kweli, inaingia kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira, ualimu wa Baiolojia na Kemia au Jiografia, na pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, Morogoro kuna kozi ambazo zina kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Binti akiwa na moyo na hayo mambo aende na atafurahi. Ila kama ni udaktari tu na hataki kusikia kingine basi mwambie ukweli, njia yake ni ileile niliyomwandikia kijana wa Songea hapo juu, diploma ya utabibu kwanza, na yeye ana bahati, D ya Fizikia inatosha kuingilia, Hesabu ana C, na kama English hajapata F basi akija kuomba digrii cheti chake cha fom foo hakimwangushi. Muulizeni yeye, akiwa peke yake, bila shangazi sebuleni.

SWALI: Nipo fom tuu, mwakani tunachagua kuendelea na Fizikia na Kemia au kuacha. Mimi napenda kompyuta ila Fizikia inanitesa. Rafiki zangu wote wanaacha. Nikiacha ntaharibu? (Fom tuu, Dodoma)

JIBU: Inategemea kompyuta gani mdogo wangu. Ukitaka uhandisi wa kompyuta au wa umeme, utahitaji Fizikia na Hesabu fom faivu, kwa hiyo ukiacha sasa umeacha na hiyo. Ukitaka kuandika programu, sayansi ya kompyuta, mambo ya data, somo linalobeba ni Hesabu, na kuna vyuo vinapokea mtu wa EGM, yani Uchumi, Jiografia na Hesabu kubwa, bila Fizikia kabisa. Kwa hiyo Fizikia unaweza ukaiacha ukaishi, Hesabu usiiguse. Tahasusi zenyewe mwaka 2024 zimeongezwa mpaka 65, zamani tulikuwa tunahesabu chache tu, humo kuna za kompyuta, muziki, michezo, lugha za kigeni, ila kombi kuwepo kwenye orodha ni jambo moja na shule kuwa na mwalimu wake ni jambo lingine, ulizia shule ngapi zinaifundisha kweli kabla hujaipenda. Na kama unaweza kuvumilia Fizikia mpaka fom foo, vumilia, mtu wa miaka kumi na nne hajui bado atataka nini akiwa na kumi na nane. Rafiki zako wasikuchagulie.

SWALI: Mwalimu mimi nimechanganyikiwa. Nilimaliza fom siksi HGL mwaka jana, nina three ya 14, History D, Geography E, English E. Ni prinsipo tatu, na watu wanasema prinsipo mbili zinatosha kwenda chuo. Nimeomba awamu zote sijachaguliwa popote, marafiki zangu wenye three wapo chuo. Kuna figisu? (Mkaka, Tabora)

JIBU: Pole sana kaka, kukaa nyumbani wenzako wameondoka ni kugumu, na watu wanakuangalia kama umezembea. Hakuna figisu, kuna hesabu ambayo hakuna aliyekuelekeza.

TCU wanataka prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0. Pointi zao sio zile za NECTA za kupata division, zinaenda hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Masomo yako mawili bora ni D na E, hiyo ni 3. Imebaki moja. Mwenzako mwenye three ya 14 hiyohiyo lakini ana C, E na S, huyo ana 4, kapita. Ndo maana nachukia mtu akiangalia division peke yake akasema umefaulu, division na sifa ya chuo ni vitu viwili.

Una njia tatu na zote ni za kweli. Ya kwanza, risiti. English au Geography ikitoka E ikaenda D tayari una 4.0, hata kama History haijapanda, na kwa mtu aliyekwisha kusoma miaka miwili sio mlima. Mtihani ni Mei, jisajili mapema. Ya pili, diploma, kwa cheti chako cha fom siksi unaruhusiwa kuingia diploma moja kwa moja badala ya kuanzia chini kabisa na watu wa fom foo, alafu ukitoka na GPA ya 3.0 unaomba digrii. Kuna diploma za uhasibu, ununuzi na ugavi, maktaba, maendeleo ya jamii, ualimu. Ya tatu, kozi ya faundesheni ya Chuo Kikuu Huria, imetengenezwa kwa watu kama wewe hasa walioikaribia alama bila kuifikia, nayo unatakiwa umalize na GPA ya 3.0 ndo uombe digrii.

Mimi ningechagua kwa kuangalia unataka kuwa nani. Kama ni sheria au ualimu wa lugha, risiti English, ndo somo litakalokubeba na hapo chuoni. Kama unachotaka ni kazi yenye ujuzi mkononi na nyumbani hali sio nzuri, diploma. Niandikie tena uniambie unataka kozi gani hasa, hukuitaja, na bila hiyo siwezi kwenda mbele zaidi ya hapa.