Njano, nyekundu, na kipimo cha kushoto na kulia: tunajibu maswali yenu

Barua nyingi za safari hii zinagusa jambo moja: redio na magazeti ya Uganda yanampendelea nani, na nani hasa anashika usukani ndani ya vyama. Tumechagua tano.

"Ndugu wahariri, wenzetu wa Uingereza wanajua gazeti lipi ni la kushoto na lipi la kulia. Kwetu New Vision na Daily Monitor wamekaa upande gani?" (Msomaji, Arua)

Kipimo hicho hakitakusaidia sana hapa. Uingereza gazeti la Guardian huegemea kushoto na Daily Telegraph kulia, kwa sababu vyama vyenyewe vinabishana juu ya kodi, mishahara na ukubwa wa serikali. Kwetu, mara ya mwisho chama tawala kutangaza waziwazi kwamba kinahamia kushoto ilikuwa UPC ya Rais Obote mwaka 1969. Mei Mosi 1970, pale Nakivubo, Kampala, akatangaza kwamba dola itachukua asilimia 60 ya hisa za makampuni makubwa. Januari 1971 Amin akampindua. Na hata enzi hizo, ukimuuliza mzee kwa nini ni wa UPC au wa chama pinzani cha DP, mara nyingi angekujibu kwa kanisa lake, habari za kodi hata asizitaje. NRM, chama tawala cha leo chenye rangi ya njano, nayo iliingia madarakani 1986 na mpango wake wa Pointi Kumi, mwaka uliofuata ikakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na miaka ya tisini ikauza mashirika ya umma. Funika majina kwenye ilani za leo, uone kama utaitambua ya nani kwa sera ya kodi tu. Ugomvi wetu mkubwa ni nani akae kitini na atoke vipi: ukomo wa mihula ya rais uliondolewa 2005, ukomo wa umri wake wa miaka 75 ukaondolewa Desemba 2017.

Kwa hiyo uliza nani mwenye mali na nani anayenunua matangazo. New Vision ilianza 1986. Serikali ina takriban asilimia 53 ya hisa za kampuni yake, inayotoa pia gazeti la Bukedde na kumiliki redio na televisheni. Daily Monitor ilianza 1992, na hisa nyingi ziko mikononi mwa Nation Media Group ya Nairobi. Lakini usidhani kuwa nje ya serikali ni kuwa huru moja kwa moja. Machi 2023 Rais aliagiza matangazo ya serikali yapelekwe UBC, shirika la utangazaji la serikali, agizo linalogusa mfuko wa kila chombo binafsi. Na Mei 2013 polisi waliizingira Monitor kwa takriban siku 10 kwa sababu ya barua ya Jenerali Sejusa wa idara za ujasusi, ambayo gazeti liliiripoti. Mhariri aliyepitia hayo hahitaji kupigiwa simu, anazikata habari zake mwenyewe. New Vision, kwa upande wake, utaisoma ikiwaandama wala rushwa wa wilayani na hata mawaziri. Ukali hupungua kadiri ngazi inavyopanda.

"Nawezaje kupima mwenyewe kama redio yetu inapendelea chama, badala ya kubishana tu kijiweni?" (Msomaji, Jinja)

Daftari, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na siku 14 mfululizo. Chagua taarifa moja, tuseme ya saa moja jioni, usiibadilishe. Kwa kila habari ya siasa andika: ilisomwa ya ngapi, sekunde ngapi, chama gani, nani alisikika kwa sauti yake mwenyewe, na kitenzi alichopewa. Hicho cha mwisho watu hukidharau. Sikiliza vizuri: waziri "ameeleza", mpinzani "amedai". Siku 14 za namna hiyo zinasema mengi.

Sasa makosa. La kwanza ni Rais. Akizindua barabara, je, ni habari ya serikali au ya mwenyekiti wa NRM? Mfungulie safu yake, kisha piga hesabu mara mbili, moja ukimjumlisha na chama, nyingine bila. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo faida ya kukaa kitini.

La pili ni kudhani dakika nyingi ni upendeleo. NUP, chama cha upinzani chenye rangi nyekundu, inaweza kupata dakika 30 kwa wiki, zote za mabomu ya machozi na watu kutiwa ndani, bila hata dakika moja ya inachotaka kufanya kuhusu hospitali. Ongeza alama: S kwa sera, V kwa vurugu. Tumeona madaftari ambayo jumla ya sekunde ilikuwa karibu sawa, lakini S zote ziko upande mmoja.

La tatu, kuanza wiki ya mkutano mkuu wa chama fulani. Bila shaka kitasikika zaidi. Ndiyo maana unahitaji mwenzako anayepima redio nyingine siku hizo hizo: matukio yaliyotokea ni yale yale, kwa hiyo tofauti iliyobaki imetoka studio. Ukipima redio moja pekee, huna cha kuilinganisha nacho.

Tenga pia vipindi vya kulipiwa. Msikilizaji aambiwe kwamba muda umenunuliwa. Mtangazaji akisema tu "leo tuna mgeni", weka alama ya kuuliza. Na kabla ya kuilaumu redio kwa njama, kumbuka mwandishi wa wilayani mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotoka, na nauli hana. Anakwenda kwenye mkutano wenye gari la kumchukua. Chama chenye magari mengi kinajikuta na habari nyingi hata kama hakuna aliyeagiza.

"Sheria si inasema wagombea wapewe muda sawa? Mbona hapa redio zilimkataa mgombea wetu?" (Msomaji, Busia)

Inasema, lakini kwa wachache. Ibara ya 67(2) ya Katiba inawapa wagombea urais muda na nafasi sawa kwenye vyombo vya dola ili waeleze programu zao. Mgombea ubunge hayumo, wala redio binafsi. Redio binafsi inabanwa na kanuni za utangazaji chini ya UCC, tume ya mawasiliano, zinazodai uwiano bila kuuhesabu kwa dakika. Mwenye redio naye ana kumbukumbu ndefu: redio ya CBS ya Kampala ilizimwa Septemba 2009 na haikurudi hewani hadi Oktoba 2010.

Mgombea wenu akinunua muda tena, alipie kwa risiti na mkataba wenye tarehe na saa. Wakimkataa, aombe wamwandikie sababu, kisha nakala iende Tume ya Uchaguzi na UCC. Malalamiko ya mdomo hayafiki popote.

"Asalaam aleikum. Kwa nini upinzani hugawanyika kila ukichagua kiongozi, na NRM haigawanyiki?" (Msomaji, Bombo)

Waaleikum salaam. NRM hugombana pia, ila kiti cha juu hakishindaniwi kwa kura. Kyankwanzi, Februari 2014, wabunge wake walipitisha azimio la kumfanya Museveni mgombea pekee, na Amama Mbabazi, waziri mkuu wakati huo, akaishia kugombea nje ya chama 2016.

FDC, chama cha upinzani, ilijaribu njia nyingine: rais wa chama mtu mmoja, mpeperusha bendera mwingine. Jenerali Muntu alishinda urais wa chama Novemba 2012, lakini Septemba 2015 Besigye akamshinda kwenye tiketi ya kugombea urais wa nchi. Vichwa viwili, kofia moja. Novemba 2017 Amuriat akamwangusha Muntu kwenye urais wa chama, na Muntu akaondoka na kuanzisha chama cha ANT. Mwaka 2023 ndani ya FDC zikazuka kambi mbili zilizoitwa kwa mahali pa ofisi zao, Najjanankumbi na Katonga, na kutoka Katonga kikazaliwa chama cha PFF.

Vyombo vya habari hupenda kuandika hayo kama ugomvi wa watu wawili. Wewe tazama mhuri. Mgombea wa chama huhitaji barua ya udhamini yenye saini ya kiongozi anayetambuliwa na Tume ya Uchaguzi, kwa hiyo kambi iliyo kwenye rejista ya Tume ndiyo inayogawa tiketi, hata kama nyingine ina umati. Kuanza upya si rahisi: sheria inataka wanachama 50 katika kila wilaya, kwa theluthi mbili ya wilaya zote. Ndiyo maana Kyagulanyi (Bobi Wine) na wenzake, mwaka 2020, waliingia katika chama kilichokwisha kusajiliwa na kukiita NUP.

"Nataka kujua wilaya yetu inalipa redio shilingi ngapi kwa matangazo. Nianzie wapi?" (Msomaji, Mbale)

Tumia Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005. Jaza fomu ya maombi, umwandikie Afisa Mkuu Tawala wa wilaya. Kama ni wizara, Katibu wa Kudumu. Usiandike "taarifa zote za matangazo", utazungushwa. Taja mwaka mmoja wa fedha, taja redio, omba kiasi kilicholipwa na tarehe. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, maana siku 21 zinahesabiwa tangu hapo. Zikipita kimya, kimya hicho ni kukataliwa kisheria, na unaweza kulalamika kwa Hakimu Mkuu.