Mbona apu ya benki inagoma kwenye laptopu?

SWALI: Mambo kaka fundi. Nina steshenari hapa Morogoro, laptopu yangu ina RAM 4 na siku nzima niko mbele yake, wateja wanatuma mafaili WhatsApp na kulipa kwa simu, nikataka apu zangu zote zikae humohumo. Nimeweka BlueStacks, ile programu ya kuendesha apu za simu kwenye kompyuta, nzito balaa, na apu ya benki ikifunguka tu inajifunga. Nasikia Windows 11 ilikuja na Android yake, mbona siioni?

JIBU: Poa ndugu yangu. Hiyo ya Windows huioni kwa sababu imeshafungwa, Microsoft waliitangaza 2021 na ilipofika Machi 5, 2025 ikawa basi. Na ilikuwa inapiga kazi vizuri tu, ila duka lake lilikuwa la Amazon, Play Store hamna, na huduma za Google ambazo apu kibao zinazitegemea kwa ramani na notifikesheni nazo hamna, sasa mtu anaingia anatafuta apu yake haipo, anatoka harudi, na wenye apu wakiona hakuna watu nao hawahangaiki kuleta. Hata Mac za M1 za 2020, kompyuta za Apple, zinaendesha apu za iPhone, lakini mwenye apu anaruhusiwa kuizuia, na Netflix walizuia. Mashine zinaweza kabisa, wenye apu ndo hawajaona faida, na inaniuma maana watu wa kazi kama yako ndo mnaoumia.

BlueStacks inawasha Android nzima juu ya Windows, RAM 4 hiyohiyo inagombaniwa, lazima iwe nzito. Apu ya benki yenyewe inakagua kama iko kwenye simu halisi, isipojiridhisha inajifunga, inalinda hela yako. Mtu akikuletea apu ya benki iliyochezewa eti inakubali kwenye kompyuta, usiiweke kabisa, PIN yako inaondoka nayo.

WhatsApp ina programu yake ya kompyuta, iweke hiyo. Kwa apu zingine jaribu scrcpy, programu ya bure ya kuweka kwenye laptopu: kwenye simu ingia Settings, About phone, gusa Build number mara 7, kisha kwenye Developer options washa USB debugging (ruhusa ya kompyuta kuiendesha simu kwa waya), chomeka waya, fungua scrcpy, kioo cha simu kinatokea kwenye laptopu na unaandika kwa kibodi yako, kazi yote inafanywa na simu kwa hiyo hata RAM 4 inatosha. Ukifungua ya benki kioo kinaweza kuwa cheusi tii, wamezuia makusudi, hapo shika simu tu. Na ukimaliza kazi zima USB debugging, hasa kama simu unaichomeka na kwenye kompyuta za watu.