Maswali na Majibu: Je, Paulo alikuwa kigeugeu?

Wasomaji kadhaa wameuliza juu ya 1 Wakorintho 9:19–23, pale Paulo anaposema kwa Wayahudi alikuwa kama Myahudi, kwa wasio na sheria kama asiye na sheria, kwa wanyonge mnyonge: "Nimekuwa hali zote kwa watu wote." Nimechagua maswali matano.

Shikamoo Mchungaji. Mtu wa namna hiyo si kinyonga? Sisi tukifanya hivyo tunaitwa wanafiki. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Kinyonga hubadili rangi apate kupona. Sasa fungua 2 Wakorintho 11:24 uone Paulo alipata nini: kwa Wayahudi, mara tano, mapigo arobaini kasoro moja. Hiyo ilikuwa adhabu ya sinagogi, na sinagogi humwadhibu mtu wake. Angejitoa tu, akasema "mimi na ninyi basi", mgongo wake ungesalimika. Hakujitoa. Alirudi, akapigwa, akarudi tena.

Tena usianzie aya ya 19. Anzia sura ya 8, kwenye ugomvi wa nyama zilizotolewa kwa sanamu, kisha uje sura ya 9 anapodai kwamba mhubiri ana haki ya kulishwa na kanisa, halafu anasema haki hiyo hakuitumia. Pale Korintho alikaa kwa Akila na Prisila akishona mahema (Matendo 18:3). Mnafiki hujibadilisha ili aambulie kitu. Huyu kila alipojibadilisha alipungukiwa. Mimi hicho ndicho kipimo changu, hata kwa wahubiri wa leo wanaoipenda sana aya hii.

Wenzangu wa kijiweni wanakunywa. Nikiagiza moja ili niwe nao karibu niwahubirie, nimekosea? (Kijana, Mbeya)

Umekosea, mwanangu. Isome tena orodha ya Paulo: Wayahudi, walio chini ya sheria, wasio na sheria, wanyonge. Hakuna "kwa walevi nalikuwa mlevi". Na aya ya 21 inaweka mpaka wazi kwamba yeye yuko chini ya sheria ya Kristo. Halafu fikiria yule mmoja pale kijiweni anayehangaika kuacha pombe. Akikuona wewe wa kanisani umeshika chupa, umemmaliza. Paulo alikuwa tayari asile nyama kabisa kuliko kumkwaza mtu kama huyo (8:13).

Lakini kijiweni nenda. Agiza soda, cheza drafti, fungwa uchekwe. Waumini wasiokanyaga kijiweni kabisa wananipa wasiwasi kuliko wewe.

Kwa nini alimtahiri Timotheo lakini Tito akamwacha? (Mwalimu wa shule ya Jumapili, Nakuru)

Kwa sababu hali haikuwa moja, ingawa wote wawili walikuwa wenzake Paulo katika kazi. Mama yake Timotheo alikuwa Myahudi, baba Myunani, na Wayahudi wa sehemu zile walilijua hilo (Matendo 16:1–3). Kumtahiri kulimfungulia mlango wa kukaa nao. Kwa Tito, Myunani, walikuwapo waliotaka tohara iwe sharti (Wagalatia 2:3–5). Hapo Paulo hakulegeza hata saa moja. Jambo lile lile, likiwa la hiari alilifanya. Lilipogeuzwa sharti la wokovu alilikataa.

(Aliyeumia, hata hivyo, ni Timotheo. Sijawahi kusikia mahubiri yanayompa pole.)

Ninaishi Tanga kati ya majirani Waislamu. Naweza kuvaa kanzu na kofia ili wanisikilize? (Mwinjilisti)

Kanzu vaa. Ni vazi la pwani, na Uganda Wakristo Waganda huivaa kwenye sherehe zao bila mtu kushangaa. Ila jiulize unataka jirani afikiri nini akikuona. Ukiivaa kwa sababu unaishi nao, hilo ni jema. Ukiivaa ili akudhanie Mwislamu mwenzake, akufungulie mlango, kisha umgeuzie maneno sebuleni kwake, huo ni ulaghai, na habari zitaenea mtaa mzima kabla hujafika kwako. Kule Athene Paulo alianzia kwenye madhabahu yao wenyewe, ile ya "Mungu asiyejulikana", akataja na maneno ya washairi wao (Matendo 17:23–28). Lakini alifika kwenye ufufuo wa wafu bila kupunguza neno, huku akijua ni jambo la kuchekwa. Na jirani akikwambia mwenyewe kwamba vazi lako linamkera, livue tu.

Mbona baada ya kujitesa kote huko anasema apate kuwaokoa "watu kadha wa kadha", si wote? (Msomaji, Dodoma)

Kwa sababu alijua hesabu zake. Hapo hapo Athene wengine walidhihaki, wengine wakasema watamsikiliza siku nyingine. Kati ya walioamini, Luka, mwandishi wa Matendo, ametaja majina mawili tu: Dionisio Mwareopago (yaani mtu wa baraza la Areopago) na mwanamke aitwaye Damari. Wengine waliokuwa pamoja nao hakuwataja majina.