Kabla hujanunua mota, pitisha mkono chini ya mkanda

Baridi ya Juni imeshaingia. Wengi waliozoea kupanda mlima Loleza wa Mbeya alfajiri wamerudi ndani, na tredmili, zile mashine za kukimbilia ndani, zilizokaa miezi bila kuguswa zimewashwa tena. Ndiyo maana safari hii maswali mliyoniletea karibu yote ni ya mashine hiyo.

Fundi, mashine yangu ina miaka minne. Nikikimbia dakika kumi inanuka kama plastiki inayoungua, halafu inajizima. Nimeambiwa mota imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli? (Mama, Uyole)

Mama, usitoe hela bado. Chomoa plagi ukutani, subiri dakika tano, kisha ingiza mkono kati ya mkanda na ubao, katikati pale miguu inapokanyaga. Vidole vikitoka vikavu na vina unga mweusi, anza na mafuta, mota iache kwanza.

Kila unapokanyaga, uzito wako unaubana mkanda kwenye ubao. Ubao ukiwa mkavu unaung'ang'ania mkanda. Mota inalazimika kuvuta umeme mwingi zaidi ili kuuburuza, inapata joto, na kinga ya ndani inaukata umeme. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi, bodi inayoiendesha mota inaungua, na mota yenyewe inafuata. Ukifunga mota mpya juu ya ubao uleule mkavu, nayo itakufa. Kuna nyumba moja iliyoniletea mota tatu zilizoungua, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyewahi kuwaambia waguse mkanda. Iliniuma sana, kwa sababu hela ya mota ya tatu ilitoka kwenye ada ya mtoto.

Mafuta yanayotakiwa ni silikoni tupu. Ya kupikia hapana, ya cherehani hapana, oili ya gari hapana, na yale ya kupuliza ya kulegeza nati zenye kutu pia hapana: yanaharibu mkanda na kukusanya vumbi. Legeza mkanda kidogo, unyanyue upande mmoja, tia kiasi cha kijiko kimoja cha chakula ukisambaza kuelekea katikati, kisha fanya hivyohivyo upande wa pili. Rudisha mkanda ulivyokuwa, washa, tembea polepole dakika tano. Usizidishe, maana mafuta yakijaa mkanda unateleza. Anayekimbia siku tatu au nne kwa wiki arudie kila miezi mitatu hivi. Ila kisome kwanza kitabu cha mashine: zipo mbao zilizopakwa nta kiwandani, na hizo nyingi hazitakiwi kutiwa mafuta.

Chomoa tena plagi, kisha fungua pia kava la mbele utoe vumbi kwa brashi kavu ya kupakia rangi. Kiangazi chetu hujaza vumbi mpaka feni ya mota inashindwa kupumua. Ukimaliza yote hayo na harufu bado ipo, sasa fundi aje na mita apime mota.

Mkanda wangu unakimbilia kulia mpaka unasugua pembeni. Niubadilishe? (Kijana, Gangilonga, Iringa)

Hapana, kaka. Hakikisha kwanza mashine imekaa sawa. Mguu mmoja ukining'inia, mkanda hautatulia. Kisha simama nyuma yake. Utaona boliti mbili, moja kila upande. Washa kwa kilomita 4 kwa saa bila mtu juu, chukua kile kispana chenye umbo la L kilichokuja na mashine, kaza boliti ya kulia robo mzunguko kwa mwelekeo wa saa. Subiri dakika nzima uone. Mkanda ukihamia kushoto, kaza ya kushoto. Robo tu kila mara. Wengi wanaharibu hapa kwa haraka. Shati lenye mikono mirefu likunje, na vidole vikae mbali na rola.

Kama mkanda unasita unapokanyaga, umelegea: kaza zote mbili sawasawa. Mashine ikiwa imezimwa, unyanyue katikati kwa mkono. Kwenye mashine nyingi unatakiwa uinuke sentimita 5 hadi 7.

Nikigusa mpini wa chuma napigwa shoti, hasa siku za upepo mkavu. Ni hatari? (Dada, Kihesa, Iringa)

Dada, inategemea inakupigaje. Ikichoma mara moja kwa mlio mdogo kisha basi, ni umeme tuli unaozaliwa na mkanda kusuguana na ubao na rola, na hewa kavu inauzidisha. Tia mafuta mkanda, vaa pamba badala ya nguo za nailoni, na piga deki kwa maji chumba hicho kabla ya mazoezi.

Lakini kama unahisi mtetemo mikononi muda wote ulioshika chuma, umeme unavuja. Chomoa, na mtu yeyote asipande tena mpaka fundi umeme aikague mashine pamoja na ethi ya nyumba, yaani waya unaoupeleka ardhini umeme unaovuja. Nimefungua soketi nyingi zenye matundu matatu ambazo tundu la ethi halikuunganishwa na waya wowote. Nyumba ni mpya, rangi inang'aa, na kinga hakuna. Mwambie fundi afuate waya mpaka kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, akuonyeshe kwa macho.

Asubuhi mashine inaanza kwa uzito, mchana iko sawa. Imeharibika? (Mstaafu, Makambako)

Shikamoo mzee. Ni baridi tu, mkanda na grisi vinakakamaa. Iache izunguke polepole dakika tano kabla hujapanda. Miguu yako nayo inazihitaji dakika hizo.

Nimepata tredmili ya mtumba kwa bei nzuri, imetoka Marekani. Nichukue? (Msomaji, Tunduma)

Isome lebo kabla hujalipa. Ikiandikwa volti 220 hadi 240, endelea kukagua mkanda. Ikiandikwa volti 120 peke yake, ujue soketi zetu ni volti 230: ukiichomeka moja kwa moja, bodi inaweza kuungua papo hapo. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, kubwa na nzito, na bei yake itameza ule unafuu. Mimi nisingeichukua. Utakayonunua, yoyote ile, ichomeke ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba za redio na chaja zinapata joto mpaka zinayeyuka.

Mtoto wetu ana miaka mitatu na anaipenda sana mashine. Tufanyeje? (Baba, Mafinga)

Baba, hili ndilo ninaloomba ulifanye leo. Kuna kifunguo chenye kamba na kibanio cha kubana nguo. Bila hicho mkanda hauzunguki. Kila ukimaliza kichomoe, ukiweke juu ya kabati, na plagi uichomoe. Ukiwa unakimbia mtoto awe chumba kingine, mlango umefungwa. Rola ya nyuma huvuta kiganja kidogo, na mkanda unachubua ngozi mpaka nyama kwa sekunde chache. Usiigeuze mashine ielekee ukuta kwa nyuma. Acha mita 2 wazi nyuma na nusu mita kila upande, ili anayeanguka asibanwe.

Ikitokea mkanda umemuunguza mtoto, weka mkono wake chini ya maji baridi yanayotiririka dakika 20, usipake dawa ya meno wala mafuta, kisha mpeleke hospitali, hata kama ameshanyamaza.