Ushuru Unalipwa Pemba, Sheria Inatungwa Chukwani

Kila unapokaribia mwezi wa Julai, simu yangu haipumziki. Huyu anauliza kwa nini leseni yake imepanda, yule anataka kujua kama baraza la mji lina haki ya kumwondoa pembezoni mwa barabara, mwengine anaomba nimwandikie barua kwa Mkurugenzi. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaouza samaki, mboga na vitafunio katika soko moja hapa Pemba. Nimeishika kazi hii kwa miaka mingi, na kuna jambo ningependa kila mfanyabiashara mdogo alijue kabla hajapanda ngazi za ofisi yoyote: baraza la mji unalogombana nalo, mara nyingi silo lililoamua.

Tuanze juu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 145, inasema vyombo vya Serikali za Mitaa vitakuwepo, na sheria ya kuviunda itatungwa na Bunge au na Baraza la Wawakilishi, kwa kadiri itakavyokuwa. Kwa upande wetu wa Visiwani ni Baraza la Wawakilishi, kwa sababu serikali za mitaa si jambo la Muungano. Ndipo ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 2014, iliyochukua nafasi ya sheria mbili za 1995, moja ya Manispaa ya Zanzibar na nyengine ya halmashauri za wilaya na mabaraza ya miji. Mabaraza ya miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani na Halmashauri ya Micheweni, yote yanafanya kazi chini ya sheria hiyo. Kazi zao, vyanzo vyao vya mapato, nani anaingia kikaoni na nani hana kura, yote yameandikwa humo. Kisichokuwemo humo wala katika sheria nyengine, baraza haliwezi kujitungia.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wetu wengi wanafuatilia siasa za Kenya kwenye televisheni, halafu wanamtarajia diwani wa wadi yao awe na nguvu kama za gavana. Nina ndugu Mombasa, na tukizungumza naona tofauti ilivyo kubwa. Kule kaunti 47, yaani serikali za maeneo zinazoongozwa na magavana, zimesimama juu ya Katiba ya 2010. Gavana anachaguliwa na wananchi, na Katiba yenyewe imesema kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Bunge haliwezi kuamka asubuhi likaifuta kaunti kwa sheria ya kawaida. Hata hivyo nako sheria za juu zinawagusa mpaka sokoni: mwaka 2020 maseneta walivutana kwa wiki nyingi juu ya fomula ya kugawana fedha, na kaunti zikabaki zinasubiri. Ikiwa kaunti yenye ulinzi wa Katiba inakwama hivyo, fikiria baraza la mji ambalo karibu kila kitu chake kinatoka katika sheria inayoweza kurekebishwa kikao chochote.

Kutokana na hayo nina ushauri wa mwanzo, na huu ndio unaookoa nauli nyingi. Jua nani ni nani. Jimbo letu lina Mbunge na lina Mwakilishi. Mbunge anakwenda Dodoma, na Dodoma haitungwi sheria ya soko la Pemba. Mwakilishi ndiye anayekaa Chukwani, Unguja, kwenye Baraza la Wawakilishi, zinakotungwa sheria za mabaraza yetu. Nimeshuhudia watu wakimsubiri Mbunge arudi kutoka bungeni wamlilie ushuru wa soko, naye kwa heshima anawasikiliza, anaandika, lakini njia ya hilo jambo haipiti kwake. Vilevile sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani, si mtu wa diwani. Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na kazi yake iko chini ya sheria nyengine kabisa, Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 8 ya 2014. Kwa hiyo unaweza ukapata barua ya sheha ya kukutambulisha, ukafika barazani ukaambiwa haitoshi, na wote wawili wakawa wamefanya kazi yao sawasawa.

Sasa nieleze lililotufika sisi.

Akina mama wanaouza chini, yaani wale wanaotandika gunia na kuweka beseni la dagaa au fungu la mchicha, walikuwa wakitozwa kila siku sawa na wenye meza za saruji ndani ya soko. Wakusanyaji walikuwa wakijibu neno moja: ni sheria. Basi watu wakanyamaza, maana ukishaambiwa ni sheria unahisi umezibwa mdomo. Bibi mmoja muuza dagaa ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa akizifunga risiti zake zote kwenye pindo la kanga, na akifika nyumbani anazitia katika kopo la maziwa. Akaniambia, “Mwanangu, wewe umesoma. Hiyo sheria yenyewe iko wapi tukaione?”

Tukaenda. Si kwa maandamano. Tulikuwa watu wachache, tumevaa vizuri, tumetanguliza barua. Tukaomba kuonyeshwa sheria ndogo ya masoko. Karani alitwambia kwanza kuwa ni ya ofisi, haitolewi. Tukakaa tukasubiri, na mwisho akatoka mwanasheria wa baraza na nakala iliyobanwa pini, nyuma yake pana jadweli la viwango. Bibi akalifungua pindo, akaanza kuzipanga risiti mezani moja moja, nyengine zimeshika harufu ya dagaa. Mwanasheria akachukua rula, akaiweka chini ya mstari mmoja wa jadweli, akasoma, akarudia kusoma. Wauzaji wa chini walikuwa na kiwango chao, na kilikuwa chini kuliko tulichokuwa tukilipa. Sheria ilikuwa upande wetu muda wote ule.

Lile lilimalizikia palepale barazani. Madiwani walilizungumza katika kikao chao, wakusanyaji wakaagizwa wafuate jadweli, na risiti zikabadilika. Fedha iliyokwisha kulipwa haikurudi, na hilo linaniuma mpaka leo, lakini bibi yule analipa kiwango chake halali.

Jambo letu la pili lilikuwa leseni. Wapo akina mama wanaokaanga samaki na kupika vitafunio kwa ajili ya kuuza skuli na maofisini, na walitaka baraza liwapunguzie ada ya leseni kwa kuwa mtaji wao ni mdogo. Tukaenda na imani ileile, kwa mwanasheria yuleyule. Safari hii alifungua karatasi nyengine: kanuni zilizotiwa saini na Waziri, chini ya sheria ya leseni iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Akatuambia kwa upole, “Hapa hata Mwenyekiti wa baraza hana uwezo. Akiwapunguzia, mkaguzi wa hesabu atamuuliza yeye.” Tungeweza kukaa pale mpaka magharibi, tukalia na kuomba dua, asingeweza kutusaidia. Suala letu lilikuwa halali, lakini ofisi ile siyo iliyokuwa na uwezo nalo.

Kwa hiyo, ukiambiwa “ni sheria”, usibishe na usinyamaze. Uliza ni ipi. Inaweza kuwa sheria mama iliyopitishwa Chukwani na kutiwa saini na Rais. Inaweza kuwa kanuni ya Waziri chini ya sheria hiyo. Inaweza kuwa sheria ndogo ya baraza lenu, ambayo madiwani wanaitunga lakini haitumiki mpaka iidhinishwe na Waziri na itangazwe kwenye Gazeti Rasmi. Na wakati mwengine, niseme kweli, ni uamuzi wa kikao tu, au mazoea ya ofisi yaliyozeeka mpaka yakapewa jina la sheria. Kila moja ina mlango wake. Sheria ndogo na maamuzi ya kikao, mshike diwani. Kanuni, barua yako iende kwa Waziri, na kwa mambo ya mabaraza ni Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa, Serikali za Mitaa na Idara Maalumu za SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar). Sheria mama, huyo ni Mwakilishi na kamati za Baraza la Wawakilishi. Na sheria ndogo haiwezi kuipinga sheria mama. Ukiona zinagongana, sheria mama ndiyo inayosimama.

Mambo huwa mazito zaidi pale biashara moja inapoguswa na sheria kadhaa, na hapa ndipo vijana wanaofungua migahawa huvunjika moyo. Unakwenda barazani kwa leseni, unatakiwa uwe umesajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Chakula kina Wakala wake wa Chakula na Dawa. Ukiwa na wageni watalii, Kamisheni ya Utalii inaingia. Kodi ni Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ambayo wengi bado tunaiita kwa jina lake la zamani la ZRB, yaani Bodi ya Mapato, ingawa ilibadilishwa kwa sheria ya 2022. Kijana anatoka huko amekasirika, analilaani baraza la mji, ilhali baraza limeshika kipande kimoja tu cha mkate. Ushauri wangu kwake ni kuuliza mapema, kabla hajalipa kodi ya fremu, kila taasisi inamtaka nini, na kuandika majibu kwenye daftari moja.

Nataka pia tuwe waadilifu kwa mabaraza yetu. Sheria inayatwika taka, masoko, usafi wa mji na mambo mengi mengine ya kila siku. Ukusanyaji wa taka unataka gari, gari linataka mafuta, na vyanzo vya kulipia mafuta hayo vimewekewa mipaka na sheria ileile. Chanzo kimoja kikihamishiwa taasisi nyengine, au ada fulani ikifutwa, wafanyabiashara tunapiga makofi, lakini baada ya muda jaa la soko linafurika na tunamshika koo diwani. Nimejifunza kuuliza maswali mawili kila nikisikia sheria mpya: inalipatia baraza kazi gani, na fedha ya kazi hiyo inatoka wapi? Kama jibu la pili halipo, najua kabisa kwamba pengo litakuja kuzibwa sokoni, ama kwa ada mpya au kwa huduma kuzorota. Maswali hayo mnaweza kumuuliza Mwakilishi wenu hadharani, na ni haki yenu kujibiwa.

Wakati ndio tunaoupoteza zaidi. Watu wanalalamika Agosti, wakati Sheria ya Fedha ya mwaka imeshaanza kutumika tangu tarehe 1 Julai. Bajeti inajadiliwa Mei na Juni. Anayetaka kiwango fulani kibadilike awe ameshafikisha maoni yake kabla ya hapo, Machi au Aprili, wizara zikiwa bado zinaandaa. Kwa miswada ya kawaida, inachapishwa kwenye Gazeti Rasmi na inapatikana katika tovuti ya Baraza la Wawakilishi. Ikishasomwa mara ya kwanza inakwenda kwenye kamati, na kamati huita wadau kutoa maoni. Hapo ndipo neno la muuza samaki lina uzito, kwa sababu vifungu bado vinaweza kurekebishwa. Ukisubiri usomaji wa mwisho, umebaki kuwa msikilizaji wa redio.

Suala letu la leseni tulilifikisha kwa Mwakilishi kabla ya bajeti, na tulimkuta kijijini, si ofisini, siku ya Ijumaa baada ya sala. Alilisema katika Baraza la Wawakilishi. Ada haijashuka bado kwa kiasi tulichoomba, nasi hatujaacha kuliuliza.

Mkiandika barua, iwe ukurasa mmoja. Taja sheria na mwaka wake, taja kifungu, kisha eleza kwa ufupi kifungu hicho kinawafanya nini watu wenu sokoni, na mwisho semeni mnataka kisomeke vipi. Msiandike tu “tunaonewa”. Kamati haiwezi kurekebisha kifungu kwa neno hilo. Ambatanisheni nakala za risiti, kwa sababu risiti ina tarehe na kiasi na hakuna anayeweza kuikana. Nakala moja ibaki kwenu na mhuri wa kupokelewa, nyengine mpeni diwani, hata kama jambo haliko mikononi mwake, maana kikao cha madiwani kikiliunga mkono linapofika Chukwani halionekani tena kuwa la watu wachache. Na kama namba ya kifungu hamuijui, nendeni kwa mwanasheria wa baraza mumuulize kabla hamjaandika. Wengi wao niliokutana nao hufurahi kumwona mwananchi aliyekuja kuuliza kifungu.