Jibu: Ustawi wa jamii hospitalini, nianzie wapi?
Mdogo wangu, umeuliza kama lazima uwe muuguzi kwanza ndipo ufanye ustawi wa jamii hospitali. Hapana, unasomea ustawi wa jamii wenyewe. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1973, inatoa astashahada, stashahada na shahada. Mafunzo kwa vitendo omba hospitali, hata Bombo hapa Tanga.

Kazi yenyewe ni hivi. Nilimkuta mzee wa Pangani, kakatwa mguu kwa kisukari, karuhusiwa tangu juzi lakini haondoki. Kandambili ya mguu uliokatwa kaikumbatia kwenye mfuko. Watu wakamwona mkaidi. Nikamwamkia, nikakaa, nikamsikiliza. Kumbe anaona haya, hana nauli wala pesa ya bili. Kapita miaka 60 na hana uwezo, msamaha wa matibabu ni haki yake! Nikajaza fomu, nikampigia mpwa wake, kesho yake akaja kumchukua.

Jizoeze pia kuandika taarifa vizuri, wengi wanakwama hapo. Na siri ya mgonjwa isitoke wodini. Tanga hii tunajuana.